Unga wa Uyoga Ulioniyeyusha

Wanawake huja hapa kwangu kuniuliza habari za ule unga. Wengine huzunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Huanza na bei ya dagaa, wakaenda kwenye magoti yanayouma, ndipo waseme wamesikia niliwahi kuwa mnene kuliko wao. Nimeshachoka kuwasimulia vipande vipande huku nikigeuza samaki juani. Nimeandika yote mara moja, ili mwenye kutaka kuunywa aunywe akiwa anajua.

Naitwa Kabula. Katika miaka ya tisini nilikuwa mke wa mtu Kahama, mtaa wa Nyahanga, na nilikuwa na mgahawa kando ya barabara ya malori. Mume wangu Shija alikuwa na hisa katika duara moja la dhahabu upande wa Geita, shimo ambalo wachimbaji waliingia kwa kamba na kutoka weupe kwa vumbi la mawe. Alikuwa akikaa huko wiki kadhaa, akirudi nyumbani akiwa na nguo chafu na maneno mengi. Tulikuwa na mtoto mmoja, Minza, na kwa jina lake watu waliniita Mama Minza.

Mgahawa wangu ulijaa kwa sababu ya mwili wangu. Sijisifu, ndivyo walivyosema wateja wenyewe. Madereva na wachimbaji walikuwa wakinitazama nikikoroga ugali, mikono inatikisika, jasho linanitoka, wakaambiana kwamba mpishi wa namna hii hawezi kukulisha makombo. Shija naye alipenda kunitembeza. Akija mgeni kutoka mashimoni aliniita nitoke jikoni nije nisalimie, si kwa sababu ya salamu, ila wanione. Mke mnene maana yake nyumba ina kitu.

Baada ya mimba ya pili, ambayo ilitoka kabla ya wakati wake, kitovu changu kikaanza kujitokeza. Kwanza kilikuwa kama limau. Nikilala chali kinarudi ndani, nikiinua sufuria kinatoka. Ilipofika msimu wa mavuno kilikuwa kama embe kubwa na hakikurudi vizuri, na siku nyingine kiliniuma mpaka nikawa natapika nyuma ya mgahawa na kurudi kuhudumia watu. Nikaenda hospitali.

Wanaojua mabenchi ya hospitali za wakati ule watanielewa. Nilikuwa nakalia nafasi ya watu wawili na wale wa pembeni walinisukuma kwa viwiko. Nilipoingia, daktari wa upasuaji alibonyeza tumbo langu mbele ya wanafunzi wake na mgonjwa aliyekuwa akifuata. Akasema ni ngiri ya kitovu, na kwamba siku moja utumbo unaweza kunasa humo nikafa. Nikamwambia basi anipasue. Akafuta mikono.

"Hapa kuna mafuta mengi kuliko mtu," alisema. "Nikikulaza leo, usingizi wenyewe unaweza kukuua, na kidonda hakitafunga. Kapungue kwanza."

Nikamuuliza nipungue vipi. Akasema nisile, akamwita mwingine.

Muuguzi alitaka kuandika uzito wangu ili wajue nilianzia wapi. Mzani wao ukagonga mwisho ukakwama. Akaniambia niende kwenye ghala la kununulia pamba, kule kuna mzani wa chini wa kupimia mizigo. Ulikuwa msimu wa pamba, wakulima wamejaa na mikokoteni yao tangu asubuhi. Shija alikuwa nyumbani siku ile, akanisindikiza. Nilipanda kwenye bamba la chuma katikati ya magunia, viatu mkononi. Karani wa mzani aliita kilo zangu kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia kilo za wakulima, kisha akaongeza, "Daraja la kwanza, haina takataka." Ghala zima likacheka. Nilimtafuta mume wangu kwa macho anitoe pale. Alikuwa anacheka nao, na akamwomba karani arudie namba kwa sababu hakuisikia vizuri.

Tangu siku ile sikurudi ghalani. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mgahawa, kulikuwa na duka la jumla la familia moja ya Kihindi, Waislamu waliozaliwa hapo hapo Kahama. Mama mwenye duka, Mama Salim, aliposikia habari za ghala, aliniita nyuma kwenye stoo yao, akafunga mlango, akanipandisha kwenye mzani wao wa mchele. Aliusoma, akaninong'oneza, akaniuliza kama nimekunywa chai. Kila mwezi nilipimwa pale. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu kilo zangu.

Nikajaribu kula kidogo. Kwa mpishi hiyo ni adhabu, maana kuonja ni kazi. Nilikuwa nakunywa uji mwepesi asubuhi na kula mboga mchana, napata kizunguzungu juu ya moto. Shija aliporudi akanikuta nimekaa mezani sina sahani, akauliza kama nimegoma. Kilo zikashuka chache, zikarudi zote na nyingine juu. Kitovu kikawa kinauma zaidi.

Wifi yangu Milembe, dada yake Shija, ndiye aliyeleta habari za Masumbwe. Milembe alikuwa amerudi kwa kaka yake baada ya ndoa yake kuvunjika, akawa ananisaidia mgahawani. Aliambiwa na dereva mmoja kwamba huko Masumbwe kuna mwanamke anaitwa Nyanzala, anatengeneza dawa ya porini ya kupunguza mwili, na mke wa mfanyabiashara fulani alikuwa ameingia kwake kwa shida mlangoni akatoka anakimbia. Tulikwenda pamoja, mimi na Milembe. Nataka mkumbuke hilo, kwamba alikuwepo.

Nyanzala alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira na sauti kali. Uani kwake kulikuwa na mikeka imeanikwa magome ya miti, majani, na uyoga. Si ule laini wa kupika, ni ule mgumu kama kuni unaoota kwenye magogo yaliyooza msituni. Sitataja majina ya miti wala ya uyoga, mtu asije akaenda kujichumia. Alinizunguka kama anayenunua ng'ombe. Akanibonyeza mkono akaona kidole kinavyozama. Kisha akaeleza kazi ya dawa yake, na niseme ukweli, hakunidanganya.

"Hii haiyeyushi mafuta yako," alisema. "Inalizuia tumbo lisikifanyie kazi chakula. Utakula, lakini mwili wako hautapata. Kitatoka kama kilivyoingia, na mwili utaanza kujila wenyewe."

Alisema nichemshe kijiko cha unga na kunywa kabla ya kila mlo, nisivuke mavuno, na wakishanipasua niache siku hiyo hiyo. Milembe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yangu akisikiliza kila neno. Njiani kurudi alinibebea lile furushi.

Unga ulikuwa mchungu na ulinukia udongo uliolowa. Wiki ya kwanza tumbo lilijaa hewa mpaka nikawa sijui nikae wapi. Haikuwa hewa ya kuficha. Nikiwa nahudumia, watu waligeuka kutazamana, nami nikajifanya nasogeza viti. Kisha yakaja mafuta. Ukila nyama au kitu cha kukaangwa, mafuta yale yale yanakutoka nyuma bila kukuarifu, ya rangi ya machungwa, hayatoki kwenye nguo hata kwa sabuni ya mche. Yalinipata kanisani, nikiwa na sare ya kwaya, tumesimama mbele ya watu tunaimba. Wenzangu wa mstari wa nyuma waliona kabla sijajua. Mwalimu wa kwaya aliniambia kwa upole kwamba nipumzike mpaka nitakapokuwa na afya, na sare akaipeleka kwa mwingine baada ya kuifua yeye mwenyewe mara mbili.

Chooni niliona maharage yangu mazima, kama niliyoyachagua jana kwenye ungo. Lakini kibaya kuliko vyote ni njaa. Nilikuwa nakula sahani mbili za wali na kuinuka na njaa. Nilikuwa nalala na njaa huku tumbo limejaa. Mnaoniuliza kama inauma, haiumi. Ni njaa tu, isiyo na mwisho.

Ilifanya kazi. Lazima niseme. Mvua zilipoanza, gauni zangu zilikuwa zinaning'inia. Mama Salim alisoma mzani akatabasamu, mwezi uliofuata akatabasamu tena. Wateja walinisifu, wakasema nimekuwa msichana. Niliweza kuinama nikafunga kamba za viatu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka. Nilikwenda hospitali nikiwa na furaha. Daktari alisema bado kidogo, nirudi baada ya Krismasi. Niliporudi alikuwa amekwenda masomoni. Aliporudi yeye, dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha. Ilipoletwa dawa, hapakuwa na nyuzi. Kila mara walinipa tarehe, na kila mara walinionya nisije nikanenepa katikati, maana tutaanza upya. Kwa hiyo niliendelea kunywa. Mahindi yalikomaa shambani, yakavunwa, nikawa bado nakunywa.

Hapo sifa zikakoma. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mikono inaning'inia kama nguo ya mtu mwingine, nywele zinatoka kwenye kitana. Na katika miaka ile, mtu akikonda hivyo hakuna aliyeuliza anakunywa nini. Kila nyumba ilikuwa imezika. Kila mtu alijua mwanzo wake unavyokuwa: kwanza mashavu, halafu nywele, halafu kuharisha. Mimi nilikuwa na vyote vitatu.

Walianza kwa kupungua. Meza ya madereva ikahamia kwa jirani. Mchimbaji mmoja aliyekuwa akila kwangu kila akitoka Geita aliagiza ndizi na nyama, ikawekwa mbele yake, akauliza ndizi zimemenywa na nani. Nikasema nimemenya mimi. Akatazama vidole vyangu, akatafuta kidonda. Akalipa, akaondoka bila kuigusa ile sahani. Nje nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba Mama Minza kakanyaga miwaya. Ndivyo walivyouita ugonjwa ule, hawakuutaja jina.

Nilimwambia Milembe awaeleze watu. Alikuwa nami Masumbwe, alibeba unga kwa mikono yake. Alikuwa anafuta meza, hakuacha kufuta.

"Mimi niliona ukipewa unga," alisema. "Sikuona ulichokuwa nacho kabla ya hapo."

Nadhani siku ile ndipo nilipoelewa kwamba anautaka mgahawa.

Hospitali walitaka damu yangu ipimwe kabla ya upasuaji. Ilipelekwa mbali na majibu yakachukua muda mrefu, nikawa nakaa kwenye benchi lile la wale wanaosubiri jambo moja. Hakuna anayesalimia mwenzake kwenye benchi lile. Sasa nilikuwa nakalia nafasi ya mtu mmoja, na bado wa pembeni walisogea mbali. Muuguzi aliniita kwenye korido akaniambia sina. Nilirudi nyumbani karibu ninakimbia, nikamwambia Shija aliyekuwa amefika jana yake. Alisikia, akamtazama dada yake.

"Hao humwambia hivyo kila mke ambaye mume wake ana hela," alisema Milembe.

Nikamwomba Shija naye akapime, tumalize maneno. Akasema yeye haumwi. Jioni ile akahamishia godoro lake chumba cha mbele. Kesho yake nikakuta sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu vimewekwa kwenye beseni peke yake, nje, karibu na banda la kuku. Aliyeviweka alikuwa Minza. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu na alifanya alivyoagizwa na shangazi yake, lakini aliviosha kwanza, akavifunika kwa kitambaa inzi wasitue juu yake. Nakumbuka kile kitambaa kuliko nakumbuka nyuso za wengi.

Kisha macho. Jua likianza kushuka, wengine wakiwa bado wanaona vizuri, kwangu dunia ilikuwa inafungwa. Watu walinisalimia njiani kwa Kisukuma, ng'wadila, mayu, yaani za jioni mama, nikawajibu bila kujua ni nani, wakafikiri naringa. Jioni moja nikipika niliweka mguu kwenye jiko la mkaa. Minza alianza kunishika mkono jioni nikienda chooni. Milembe alipoona hivyo akamwandikisha kuondoka. Nasema kumwandikisha kwa sababu lilitangazwa kama vile anapelekwa shule: Minza aende kijijini kwa bibi yake, asije akaambukizwa.

Likatangazwa kwenye kikao. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, wajomba wawili wa Shija wamekuja na baiskeli zao, wamekaa sebuleni kwangu kwenye makochi niliyoyavika vitambaa mimi. Niliwapa shikamoo, mmoja akaitikia. Walinipa kiti karibu na mlango. Walizungumza kwa utaratibu, hakuna aliyefoka. Mgahawa ungesimamiwa na Milembe. Mimi ningehamia chumba cha stoo, chenye mlango wa nje. Shija aliulizwa ana la kusema. Aliinamisha kichwa, akasema yeye bado ni kijana na hawezi kufa na mtu.

Mjomba mkubwa akanigeukia. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusuluhisha.

"Mayu, ni vizuri tukuulize mapema ukiwa bado unaweza kusema," alisema. "Ungependa tukuzike hapa au kwenu?"

Wakasubiri jibu. Walisubiri kweli, kama mtu anayesubiri kujua unataka chai au soda. Niliwaambia sijafa. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akasema wamesikia, na wakaendelea.

Sikuwa na shahidi ila mmoja. Kesho yake nilipanda lori kwenda Masumbwe kumtafuta Nyanzala, aje aseme kwa mdomo wake alinipa nini. Nilipoingia uani kwake kulikuwa na wanawake wawili wanene wanasubiri kwenye mkeka. Aliniona, akanijia mbio, akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya ghala la mahindi.

"Kaa hapa," alisema. "Ukikaa mbele watafikiri dawa yangu ndiyo inayoleta ule ugonjwa."

Nilikaa nyuma ya ghala na kuku. Alipomaliza na wateja wake alikuja, akanivuta kope ya chini, akatikisa kichwa. Alisema aliniambia nisivuke mavuno. Nikamwambia daktari hajanipasua. Akasema basi nikamlaumu daktari. Kuja Kahama kunisemea alikataa katakata. Alisema akishasimama mbele ya watu kueleza kwamba mtu aliyekonda hivi amekondeshwa na yeye, nani atanunua tena. Ila aliniambia niache unga siku hiyo, nile maini, mawese, majani ya maboga na mayai, na macho yatarudi. Akanipa embe moja la njiani. Kisha akaenda kuwasindikiza wale wanawake, na niliona kila mmoja amebeba furushi.

Niliuacha. Lakini ngiri haikujua kwamba nimeacha. Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa nafua, kitovu kikatoka kikawa kigumu kama jiwe, rangi ikabadilika, nikaanza kutapika kitu cha kijani. Shija alikuwa amerudi Geita. Milembe alikuwa mgahawani, akasikia nikilia, akamtuma mtu kuangalia, mtu akarudi akasema anaona ndiyo saa yangu. Mama Salim ndiye aliyevuka barabara. Alinikuta sakafuni, akamwita mume wake, wakanilaza kwenye gari lao la kubebea mizigo juu ya magunia matupu ya mchele, naye akapanda nyuma akakaa na kichwa changu mapajani njia nzima, jua likituwakia.

Siku ile nyuzi zilikuwepo. Dawa ya usingizi ilikuwepo. Daktari alikuwepo, yule yule. Alifunua shuka, akatazama mbavu zangu na ngozi iliyokunjamana, akamuuliza muuguzi mwili huu umefikaje hapa. Akanigeukia mimi.

"Mama, unaona ulivyojikausha? Kidonda kitafungaje na mwili kama huu? Kwa nini huli?"

Hakunikumbuka. Nilitaka kucheka lakini tumbo halikuniruhusu.

Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa. Kidonda kilikaa wazi muda mrefu, kikitoa maji, na kila asubuhi walipokuja kukisafisha niliuma khanga. Wodini kila mgonjwa alikuwa na ndugu chini ya kitanda chake. Mimi nilikuwa nahesabika kama mtu wa Mama Salim. Alituma uji wa ulezi wenye siagi kila siku, na muuguzi mmoja mzee aliyenisikia nikigonga kitanda jioni kwa kutoona alinipa matone ya vitamini wanayopewa watoto. Alinitia mdomoni kwa kubonyeza mwenyewe, kama mtoto, akasema nisimwambie mtu. Baada ya siku kadhaa niliona taa ya koridoni. Niliitazama muda mrefu, taa tu ya kawaida, yenye wadudu.

Shija alikuja mara moja. Alisimama miguuni pa kitanda, akauliza wamesema nini. Nikamwambia wamesema nitapona. Akasema sawa. Alikuwa na haraka.

Aliyenitoa pale ni dada yangu Holo, mkubwa wangu, anayeishi Nkome ziwani na kazi yake ni kununua na kuanika dagaa. Alikuwa amesikia nimekufa. Alikuja na khanga nyeusi kwenye mfuko ili asipate shida ya kuitafuta mjini. Alinikuta nimekaa nakunywa uji, akakaa kwenye kitanda, akanitukana kwa kumtia hasara ya nauli, huku machozi yanamtoka. Nilipopata ruhusa alinichukua tukaenda kwake. Njiani alishuka kijijini kwa mama mkwe wangu, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amemshika Minza mkono na kibegi chake. Sikuuliza alisema nini humo ndani. Minza alipanda gari, akakaa mbali kidogo nami, mpaka tulipofika Geita ndipo usingizi ulipomwegemeza begani kwangu.

Nkome nilikula dagaa, sangara na kichwa chake, mchicha, mawese ya Kigoma yanayouzwa gulioni. Nilikula nikashiba. Ninyi hamjui kushiba ni nini mpaka chakula kikatae kukusaidia kwa mwaka mzima. Kidonda kilifunga mvua za vuli zilipoanza. Nilianza kufanya kazi na Holo mwambani, kugeuza samaki, kufukuza kunguru. Mwili ukarudi, si wote, ila mapaja yalikutana tena, na mashavu yakajaa.

Sasa mnaouliza. Kama daktari amekuambia upungue, muulize utapasuliwa lini, na kama hajui, usianze kunywa kitu kinachofunga tumbo ukimsubiri. Kama umeshaanza, macho yakififia jioni, acha siku hiyo hiyo, usingoje mtu akuruhusu. Kula mafuta, hata kama yatakuaibisha. Na kabla hujaanza, tafuta mtu mmoja atakayekumbuka mbele za watu ulikuwa unakunywa nini, na usichague mwenye haja na kiti chako. Sisemi dawa ya porini ni mbaya. Ilifanya kazi yake barabara. Ni kwamba haikuniuliza kama nimetosha.

Msimu wa pamba uliofuata Shija alikuja Nkome. Nilimwona akishuka kwenye basi na shati jipya, ameuliza njia, anaruka matope. Alikuwa ameniletea vitenge viwili na sukari. Holo alitaka kumfukuza, nikamwambia amwache akae. Minza alimsalimia shikamoo, akarudi kwenye samaki.

Nilimpikia, kama ninavyompikia mgeni yeyote aliyetoka safari. Ugali na sangara wa nazi. Alikula vizuri. Alisema mgahawa hauendi, Milembe hajui kupika, watu wanauliza Mama Minza atarudi lini. Alisema watu wote sasa wameona kwamba haikuwa ule ugonjwa. Alinitazama kuanzia mabegani kwenda chini, taratibu, akatabasamu lile tabasamu alilokuwa akiwapa wageni wake wa mashimoni.

"Umerudi kuwa mtu," alisema. "Funga vitu vyako, twende nyumbani."

Nilimwuliza kama alikwenda kupima. Akacheka, akasema mbona nayarudia mambo ya zamani. Nikaosha mikono. Nikamwambia basi la Geita linaondoka saa nane, na kwamba likijaa haliwasubiri watu, kwa hiyo ni afadhali awahi kiti.